Mauser 98 ya .30-06 inagonga fataki lakini risasi haiwaki: ni pini, springi au risasi zenyewe?

Nyika_Kusini:
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua bolti (kile chuma cha kuvuta na kusukuma kinachofunga nyuma ya risasi). Bunduki ni Mauser 98 iliyobadilishwa mtutu ili ipige risasi za aina ya .30-06, sefti (kizuizi cha usalama) ni ile ya zamani ya nafasi tatu. Kwenye boksi la risasi 20 za kiwandani, 5 zimegoma. Fataki (kile kidonge cha kuwashia baruti kwenye kitako cha risasi) zilizogoma zina alama ya pini inayozigonga katikati kabisa, ila ni kijishimo kisicho na kina. Zilizowaka zina shimo la maana. Kati ya hizo 5, 3 ziliwaka zilipogongwa mara ya pili. Alfajiri kwenye baridi ya Julai ndiyo inazidi, jua likipanda inapungua. Nimeshauriwa kuweka washa (kipete bapa cha chuma) nyuma ya springi ili iwe kali. Nianzie wapi?

Fundi_Vyuma:
Mkuu, kabla ya yote: risasi ikigoma usikimbilie kufungua bolti. Elekeza mtutu mahali salama, hesabu sekunde 60 kamili, ndipo ufungue. Baruti huweza kuchelewa kuwaka, na ganda likipasuka bolti ikiwa wazi, gesi na vipande vya shaba vinakuja usoni.

Hiyo habari ya alfajiri ni dalili ya grisi iliyozeeka ndani ya bolti. Ikipoa inakuwa kama ulimbo, pini inaburuzwa, na springi inamaliza nguvu kabla ncha haijafika kwenye fataki.

Toa risasi zote, tazama chemba (sehemu ya mtutu inamokaa risasi) kwa macho na uipapase kwa kidole. Funga bolti ikiwa imekokiwa, simamisha sefti wima katikati, kisha itoe bolti. Bonyeza kile kitufe cha upande wa kushoto wa kifuniko cha nyuma, zungusha kifuniko kinyume cha saa, na pini itatoka pamoja na springi yake. Ukitaka kutenganisha springi, simamisha ncha ya pini kwenye tundu ulilotoboa katika mbao ngumu, kandamiza kifuniko kwenda chini kwa mikono miwili, mwenzako azungushe kipande cha kukokia robo mzunguko na kukiinua. Vaa miwani, ile springi ikichomoka haina adabu.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa. Ndani ya bolti pitisha brashi, kisha kitambaa mpaka kitoke cheupe. Lile tundu dogo la pini usoni mwa bolti lisafishe kwa kijiti cha mbao, maana vumbi la shaba hujibana humo. Ukimaliza, futa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kidogo sana. Grisi isirudi humo ndani. Mafuta yakizidi nayo yanatiririka mbele hadi kwenye fataki na kuiharibu.

Kipimo_Kwanza:
Nakubaliana na Fundi, ila usiishie kwenye usafi. Pima. Pini ikiwa imeshuka mbele kabisa, chukua venia kalipa (kipimo cha kuteleza cha milimita), tumia ule ulimi wa kupimia kina, uone ncha imetokeza kiasi gani kwenye uso wa bolti. Kwa Mauser 98 tafuta milimita 1.4 hadi 1.7. Chini ya hapo inagonga kijuujuu. Juu ya hapo inaanza kutoboa fataki, na gesi inarudi ndani ya bolti. Ni kweli 98 ina matundu mawili ya kutolea gesi na kile kifuniko kipana cha kumkinga mpigaji, lakini hiyo si sababu ya kuizoesha.

Ncha yenyewe iwe ya mviringo na laini. Ikiwa na kona au vishimo vya kutu, inakata fataki hata kama urefu uko sawa. Usiipige tupa, pini ikifupishwa hairefushwi.

Tazama pia mwili wa pini na kipande cha kukokia. Mstari unaong'aa upande mmoja tu maana yake kuna mahali panasugua, mara nyingi kwenye mbao za kitako au kwenye kifyatulio kilichobadilishwa.

Washa achana nayo kabisa. Springi ikibanwa mno, koili zinagusana kabla pini haijafika mwisho wa safari yake ya nyuma. Springi iliyochoka inabadilishwa.

Ganda_Tupu:
Hizo 3 zilizowaka mara ya pili zina neno lake. Fataki ikikaa juu kidogo, pigo la kwanza linaisukuma hadi mwisho wa shimo lake, la pili ndilo linaiwasha. Pitisha ukingo wa rula kwenye kitako cha risasi: fataki inatakiwa iwe chini ya kitako kwa milimita 0.08 hadi 0.13. Jaribu pia risasi za boksi lingine.

Na kwa kuwa mtutu umebadilishwa, fundi mwenye leseni apime urefu wa chemba kwa geji mbili (vipimo vya chuma vyenye umbo la risasi). Bolti ifunge kwenye ile fupi na ikatae ile ndefu. .30-06 inasimamia begani, yaani pale ganda linapoanza kuwa jembamba, kwa hiyo chemba ikiwa ndefu pini inalisukuma ganda mbele na pigo linapotea. Ukiona pete inayong'aa kuzunguka maganda yaliyopigwa, karibu na kitako, usipige tena mpaka ipimwe.

Nyika_Kusini:
Asanteni sana. Bolti ilikuwa na grisi ya kahawia, ngumu kama nta. Pini imetokeza 1.5. Rula haigusi fataki yoyote. Springi ya zamani ikilazwa kando ya mpya ni fupi kwa koili mbili nzima. Chemba bado haijapimwa.

Kipimo_Kwanza:
Basi pini usiiguse. Funga springi mpya, peleka kwa fundi apime chemba, kisha jaribu tena alfajiri kwenye baridi ileile, kwa risasi zisizopungua 20.