Wakuu nimemtangulia waifu kwenye Agents of S.H.I.E.L.D., nifanyeje?

Mzee wa Flashi
Wakuu habari za jioni, nina jambo linaninyima usingizi. Mimi na waifu tuna mwaka wa pili kwenye ndoa, miezi miwili iliyopita nikajaziwa kwenye flashi Agents of S.H.I.E.L.D. yote, sizoni 7, episodi 136, tukawekeana ahadi hakuna kuangalia bila mwenzako, mpaka mtoto alale ndo tunaweka. Yeye kampenda Ward, yule jasusi wao, kuliko wote, tangu ile ya 6 Simmons anajirusha kutoka kwenye ndege na Ward anaruka kumfuata na dawa, waifu alisimama juu ya kochi kabisa. Sasa mimi nimeshatangulia. Usiku tunakaa najifanya nashtuka, na juzi kaniangalia tu akasema "na wewe usije ukawa Ward, unauma huku unapuliza", jasho likanitoka. Nimwambie au niendelee kuigiza?

Kandambili
Hahaha mkuu nilivyoona "linaninyima usingizi" nikajua umeshapima. Endelea kuigiza.

Kapteni Mkaa
Msikilize mzoefu. Kabla hamjafika ya 17 simamisheni kwanza, mwangalie Captain America: The Winter Soldier. Kule Marekani ile filamu ilitoka tarehe 4 Aprili 2014, episodi ya 17 ikarushwa ABC tarehe 8, siku nne tu, ndo maana Hydra, wale maadui waliojificha ndani ya S.H.I.E.L.D., wanaibuka kotekote kwa mpigo. Watu wanalalamika nusu ya kwanza ya sizoni inachosha, inachosha kwa sababu ilikuwa inaisubiri filamu, haikuwa na ruhusa ya kusema chochote.

Mzee wa Flashi
Mkuu asante ila sijauliza hilo.

Mama Wawili
Kaka, mtu hakosi usingizi kwa ajili ya sirizi. Uliangalia na nani?

Mzee wa Flashi
Niliangalia tu dada angu, kazini, nilikopi kwenye laptopu, ule muda wa kula mchana.

Mama Wawili
Nimeuliza na nani, sijauliza wapi.

Mzee wa Flashi
Sawa. Kuna dada mmoja wa stoo. Tunakaa tunakula, sikio moja yeye sikio moja mimi, episodi moja kwa siku, basi. Naapa hakuna kitu. Yeye habari zake ni Fitz na Simmons tu. Na sioni kwa nini niache, tumemaliza sizoni ya 2 jana na Simmons kamezwa na lile jiwe, hebu niambieni mtu na akili zake anaachaje hapo? Halafu chipsi za kesho zamu yangu, nimeshamwahidi.

Kandambili
Chipsi tena 😂😂

Mtumishi wa Kweli
Ndugu yangu, waya mmoja masikio mawili, ndivyo inavyoanza. Ndoa ni agano. Na hiyo sirizi yenyewe umeichunguza? Sizoni ya 4 kuna mtu kichwa chake ni fuvu linawaka moto, unaingiza vitu gani kwenye nyumba yenye mtoto mdogo?

Kandambili
Mtumishi kumbe na wewe umefika sizoni ya 4?

Mtumishi wa Kweli
Nimesimuliwa.

Fundi Redio
Mmenikumbusha mbali. Nilikuwa na kibanda cha kujaza flashi Dodoma, jamaa akaja kuchukua sizoni ya 1, mimi usingizi umenibana nikamwekea ya 2. Kesho yake asubuhi hata sijafungua mlango kashafika, kanikunja shati, "huyu Ward mbona yuko selo, kafanya nini?" Mke wake yuko nyuma analia. Ilibidi niwape ya 1 bure na soda mbili juu. Sasa mleta uzi, wako akigundua hatataka soda.

Hesabu Kali
Naona mnamshauri mtu anayewapikia chai. Mleta uzi, wewe na waifu mmeishia ya ngapi?

Mzee wa Flashi
Ya 12, ile wanaenda kwenye chuo chao, bwawa la kuogelea linaganda barafu. Mtoto anaota meno hatuendi haraka.

Hesabu Kali
Haya. Mpaka ya 12 Ward ni mtu safi, hakuna anayemshuku, ndo kwanza kijana wa kuruka na dawa. Ya 17 ndo anampiga risasi Victoria Hand, mmoja wa mabosi wa S.H.I.E.L.D., na unaelewa alikuwa wa Garrett, yule msaliti wa Hydra, siku zote. Sasa mtu aliyeishia ya 12 atasema "usije ukawa Ward, unauma huku unapuliza" kaitoa wapi? Umetunga mzee. Hata jasho umetunga.

Kapteni Mkaa
Duh. Hapo kweli.

Fundi Redio
Na mimi nimemwaga stori yangu yote hapa. Moda funga uzi.

Mzee wa Flashi
Wakuu sijatunga. Alisema hivyohivyo, neno kwa neno.

Mama Wawili
Mimi namwamini. Kaka, ukienda kazini flashi inabaki wapi?

Mzee wa Flashi
Nyuma ya TV, haichomolewagi.

Mama Wawili
Haya.

Mzee wa Flashi
Ngoja kwanza.

Kandambili
Jamaa kapotea dakika kumi sasa.

Mzee wa Flashi
Waifu kalala. Nimewasha TV sauti chini, imeniuliza niendelee pale ilipoishia. S03E10.

Hesabu Kali
Nafuta kauli.

Fundi Redio
Kakupita wewe, kampita na dada wa stoo 😂😂😂

Mzee wa Flashi
Kwani hiyo ya 10 kunatokea nini?

Kandambili
Muulize waifu.