Naomba ushauri: bromidi haionekani kwenye maji ya chumvi ya Kibiro

Habari zenu wakuu. Nachunguza maji ya chumvi ya Kibiro, ukingoni mwa Ziwa Albert nchini Uganda, pale mafuta yanapovuja karibu na chemchemi za moto. Je, chumvi ile imeyeyushwa kutoka kwenye mwamba wa chumvi, au ni maji ya kale yaliyosafiri na mafuta? Natumia uwiano wa kloridi kwa bromidi (chembe mbili za chumvi zilizoyeyuka majini): maji ya bahari ni kama 290 kwa uzito, chumvi ya mwamba iliyoyeyuka hufika maelfu.

Nilichuja kwa mikroni 0.45, na chupa ya kupimia kloridi na bromidi sikuitia asidi. Maabara ikazimua mara 100 ili kloridi isizidi kipimo, basi bromidi ikarudi "chini ya miligramu 10 kwa lita". Kwa kloridi ya miligramu 2,000 hivi kwa lita, hata uwiano wa bahari ungetoa bromidi ya 7 tu, kwa hiyo jibu hilo halinisaidii kabisa. Katriji ya fedha (kichujio cha kuondoa kloridi) siitaki, maana hunasa bromidi pia.

Nikizimua mara 10 na kuongeza bromidi ya kiasi kinachojulikana, kilele cha kloridi kwenye grafu ya mashine hakitaifunika bromidi? Na bila kupima isotopu (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti), uwiano huu peke yake unatosha kuamua?