Naomba ushauri: tairi za Land Rover 110 ya lami na matope

Hamjambo wenzangu. Nina Defender 110 ya 1994, injini 300Tdi. Naishi Nakuru, na kila wiki napanda kwenda shamba la viazi upande wa Mau Narok. Sehemu kubwa ni lami, ila kilomita sita za mwisho ni udongo mtupu, na mvua ikinyesha unateleza kama mrenda.

Tairi nilizonazo ni 7.50R16, meno yameisha. Aprili nilivutwa na trekta mara mbili nikiwa na magunia nyuma. Nimejaribu kupunguza upepo hadi psi 25. Ilisaidia kidogo, lakini kwa mzigo ule naogopa ubavu utapasuka, na lazima nijaze tena kabla ya kushika lami.

Sasa nataka zile za A/T (all-terrain, za lami na barabara mbovu). Fundi mmoja anashauri 235/85R16, kwa kuwa kimo ni karibu sawa na za sasa na mita ya spidi haitadanganya. Mwingine anasisitiza 265/75R16. Mimi naona hizo ni pana mno kwa rimu zangu za inchi 5.5, tena usukani ukikatwa hadi mwisho zinaweza kusugua. (Seti moja ya bei nafuu niliikataa: ubavuni imeandikwa 1118, yaani zilitengenezwa wiki ya 11 ya 2018.)

Je, kuna aliyefunga 235/85 kwenye rimu ya 5.5, au ni lazima nitafute za 6.5? Na kwa matope ya Mau, A/T zinatosha kweli au bado nitahitaji minyororo? Nitashukuru sana.