Nijaze nini kwenye nyasi bandia kando ya bwawa?

Wakuu, nipo Shangani, Mtwara. Nimetandika nyasi bandia kuzunguka bwawa la kuogelea uani. Fundi alijaza chembe nyeusi za matairi katikati ya nyuzi zake. Saa saba mchana wanangu wanarukaruka, nyayo zinaungua, na mvua ya juzi imezisomba chembe hizo hadi kwenye chujio la bwawa. Naumia kweli. Nibadilishe na nini?

— Zitoe zote. Mpira mweusi unashika joto, tena ni mwepesi kuliko mchanga. Weka mchanga wa silika uliooshwa, punje za mviringo.

— Asante. Mchanga wa ufukweni je?

— Usithubutu, ndugu yangu! Una chumvi na vipande vya makombe.

— Mimi huku Mikindani niliufagilia mchanga huo wa silika kwa brashi ngumu, kidogo kidogo, nyasi zikiwa kavu kabisa. Jua kali bado panapata moto, namwagia maji kwanza ndipo watoto wapite.