Betri ya sodiamu inazima kabla ya wakati, naombeni ushauri wakuu

Chaji_Pungufu: Wakuu, kichwa kinauma. Nina seli 16 za sodiamu, volti 3.1 na ampea-saa 50 kila moja, zimeungwa sirizi. BMS (bodi inayolinda betri) ina ulinzi wa ampea 30. Inverta ni ya wati 3,000, inafanya kazi kati ya volti 42 na 60. Nikiweka mzigo wa wati 1,500, volti zinatulia kwenye 52.6 kwa saa tatu, kisha ghafla kila kitu kinazima. Nikipima, seli bado zina chaji. Ni mbovu? Nizirudishe?

Fundi_Volti: Anayekata ni nani, inverta au BMS? Seli ya sodiamu yenye anodi (upande hasi) ya kaboni ngumu hutembea kati ya volti 1.5 na 4.0. Zidisha kwa 16 upate 24 hadi 64. Inverta yako inakata kwenye 42, sawa na 2.6 kwa seli, na kule juu haiwezi kufika 64. Kuna chaji inabaki bila kuguswa huku na huku. Usirudishe kitu bado.

Kapasita: Sodiamu si chumvi? Ikipungua ongeza kijiko, koroga, washa.

Anodi: Watu wanaibeza bure. Sodiamu haichanganyiki na alumini kama lithiamu inavyofanya upande wa anodi, ndiyo maana pande zote mbili za seli hutumia karatasi ya alumini, shaba haihitajiki. Kwa hiyo inaweza kusafirishwa ikiwa kwenye volti 0. Seli ya lithiamu ukiishusha hivyo, shaba huyeyukia ndani ya elektroliti (kimiminika cha ndani ya seli), na ukiichaji tena inaweza kupiga shoti kwa ndani. CATL, kampuni ya betri ya China, walipotangaza ya kwao mwaka 2021 walitaja Wh 160 kwa kilo.

Chaji_Pungufu: Asante, ila sikuuliza habari za alumini. Anayekata ni BMS.

Mzee_Relei: Vijana mnakimbilia teknolojia changa kabla ya kujua kusoma mita. LFP (lithiamu ya fosfeti ya chuma) ipo, imetulia, mnataka nini tena?

Ohm_Tatu: Ngojeni kwanza. Seli 16 × 3.1 × 50 ni kama kWh 2.5. Yeye ametumia wati 1,500 kwa saa tatu, yaani kWh 4.5, bado upotevu wa inverta. Ziada imetoka wapi? Halafu volti za sodiamu hushuka mteremko tangu mwanzo hadi mwisho, hazitulii saa tatu. 52.6 ukigawa kwa 16 unapata 3.29, na hiyo ni tabia ya LFP. Ama hadithi imetungwa, ama umeuziwa LFP yenye lebo ya sodiamu, ama kuna kitu unatuficha.

Kapasita: Uzi umepata moto. Naleta kiti.

Chaji_Pungufu: Sijatunga. Kuna LFP ya zamani, sirizi 16, ampea-saa 100, ipo paraleli na hiyo ya sodiamu. Sikuitaja kwa sababu yenyewe haina tatizo. Volti zinakaribiana, na baa za shaba nimeshazifunga. Nafikiria nipandishe tu ulinzi wa BMS uwe ampea 60.

Ohm_Tatu: Basi namba zimekubali, nafuta neno "imetungwa". LFP ndiyo inashikilia volti na kubeba karibu mzigo wote. Ikiisha, huporomoka ghafla na BMS yake hukata. Hapo sodiamu inabaki peke yake: 1,500 ÷ 48 ni ampea 31, na inverta yenye ufanisi wa asilimia 90 huvuta 35. Ulinzi wako ni 30. Zima!

Fundi_Volti: Usipandishe. MOSFET (swichi za kielektroniki) za BMS ya ampea 30 zikibeba 60 zitachemka, na zikiungua mara nyingi hubaki zimeshikana. Umeme unapita na ulinzi umekufa. Na hizo "volti zinakaribiana" ni pale tu zilipotulia. Tuseme umeichaji sodiamu peke yake hadi 3.9 kwa seli, jumla 62.4, kisha ukaiunga na LFP iliyo kwenye 53. Tofauti ni 9.4. Njia nzima ikiwa na ukinzani wa miliomu 50, utapata ampea 188 kwa kishindo, zote zikisukumwa kuelekea LFP. Na ukichaji zote kwa kikomo cha LFP cha 57.6, sodiamu inaishia 3.6 na haijai kamwe.

Chaji_Pungufu: Kwa hiyo nifungue kila kitu? Si ningeweka fyuzi tu?

Fundi_Volti: Fyuzi weka, moja kwa kila pakiti, lakini haisawazishi kemia mbili. Tenganisha. Weka swichi ya kuchagua inayoachia upande mmoja kabla ya kushika mwingine, na ubadili kikomo cha chaji kila unapobadili upande: LFP 57.6, sodiamu 59.2. Kabla ya kufunga swichi kuu, pitisha umeme kwenye rezista ya omu 50 kwa sekunde chache ili kapasita za inverta zijae taratibu.

Chaji_Pungufu: Swichi ya ampea ngapi?

Ohm_Tatu: Wati 3,000 kwenye volti 42 ni kama ampea 80 pamoja na upotevu, chukua ya 100. Iwe imeandikwa DC volti 80 au zaidi. Ya AC haifai, maana umeme wa DC haupiti kwenye sifuri kama AC, kwa hiyo cheche yake haijizimi. Ukiwa upande wa sodiamu usizidi wati 1,100, na kabla ya yote hakikisha BMS yake haijawekwa viwango vya LFP vya volti 3.65 na 2.5 kwa seli.