Tupeane uzoefu: Gari liligoma kuingia gia au kutembea, tatizo lilikuwa nini hasa?

Habari za majukumu, wanajamvi. Naanzisha mada hii baada ya kuponea chupuchupu kununua giaboksi nzima ya mtumba pale Gerezani, ilhali kilichokuwa kimekufa kwenye gari langu ni swichi ndogo inayokaa juu ya pedali ya breki.

Ilikuwa asubuhi, nyumbani Segerea. Injini ya Toyota IST yangu iliwaka vizuri, lakini mkono wa gia ulikataa katakata kutoka P (sehemu ya kuegesha) hata nilipokanyaga breki kwa nguvu zote. Fundi wa kwanza aliushikashika mkono ule, akatamka kwamba giaboksi imejifunga na gari livutwe. Jirani yangu, ambaye ni fundi umeme, hakugusa gia kabisa. Alisimama nyuma ya gari, akaniomba nikanyage breki, kisha akaniambia kwamba taa za breki haziwaki. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa magari mengi ya otomatiki yana kufuli inayoshikilia mkono wa gia kwenye P mpaka breki ikanyagwe, na kwamba kufuli hiyo hupata taarifa kutoka kwenye swichi ileile inayowasha taa za breki. Swichi ikifa, au fyuzi yake ikiungua, gari linaamini kwamba hujakanyaga chochote. Jirani alipandisha breki ya mkono, akabandua kifuniko kidogo kilicho kando ya mkono wa gia, akabonyeza ndani kwa bisibisi, na gia ikatoka. Nilikwenda taratibu hadi gereji ya jirani nikiomba nisifuatwe na bodaboda, kwa kuwa sikuwa na taa za breki.

Karibuni mweleze aina ya gari, dalili mlizoziona na kilichobainika mwishoni. Majina ya gereji tuyaache.

Mchangiaji wa Kimara

Ahsante kwa mada, mkuu. Langu pia ni Toyota ya otomatiki. Nikiweka D (gia ya kwenda mbele) asubuhi, gari lilikaa sekunde kadhaa kabla ya kushika, na nikipanda kuelekea Mbezi injini ilinguruma bila mwendo kuongezeka. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akasema oili imejaa, kwa hiyo klachi za ndani zimekwisha. Kosa lake, ambalo nililijua baadaye, ni kwamba aliipima oili hiyo injini ikiwa imezimwa, kana kwamba anapima oili ya injini. Injini ikizimwa, sehemu ya oili hurudi chini kwenye sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi) na kipimo hudanganya kwa kusoma juu. Kwa gari langu, vipimo sahihi huchukuliwa likiwa mahali tambarare, giaboksi ikiwa imepata moto na injini ikiunguruma, baada ya kupitisha mkono katika gia zote na kuurudisha P. Kisha unafuta kijiti, unakirudisha, na kusoma penye alama ya HOT. Tulipopima hivyo, kijiti kilitoka kikavu. Oili ilikuwa inavuja kwenye sili ya shafti. Bahati yangu ni kwamba iliyobaki ilikuwa bado nyekundu na haikunuka kuungua.

Mchangiaji wa Tegeta

Mimi bahati hiyo sikuipata. Gari langu ni Nissan yenye CVT (giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua), na fundi aliongeza haidroliki ya kawaida, yaani oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, kwa maelezo kwamba oili zote ni moja. CVT ya gari langu ina mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na inahitaji oili yake maalumu ili mkanda usiteleze. Gari lilianza kutetemeka, kisha likaacha kabisa kurudi nyuma. Nililipia giaboksi nyingine.

Mchangiaji wa Kigamboni

Kwa sisi wa gia za mkono: pikapu yangu iligoma kuingia gia nikiwa kwenye foleni ya pantoni. Nilipozima injini, gia zote ziliingia kwa ulaini, nilipoiwasha, zikagoma. Hiyo ilionyesha kwamba klachi haiachii. Pedali ilikuwa inazama, na masta silinda ya klachi ilikuwa imevujisha mafuta yote.

Mchangiaji wa Temeke

Langu liliingia D na R (gia ya kurudi nyuma) bila shida, ila halikusogea hata inchi moja, na nilipoliweka P likabiringika lenyewe kwenye mteremko. Shafti ya tairi la kushoto ilikuwa imechomoka. Ilirudishwa siku hiyohiyo.

Mchangiaji wa Magomeni

Naomba msaada, wakuu. Nilipita Jangwani maji yakiwa juu ya bampa. Tangu jana gari linachelewa kubadili gia. Je, niliendeshe hadi gereji?

Mwanzisha mada

Usiliwashe, ndugu yangu. Chomoa kijiti uangalie rangi: oili ikiwa ya waridi yenye weupe kama maziwa, maji yameingia, na kila mzunguko wa injini unayasambaza ndani zaidi. Likivutwa, matairi yanayoendesha gari yainuliwe, kwa sababu pampu ya giaboksi haifanyi kazi injini ikiwa imezimwa. Tujulishe umeona rangi gani.