Kambi ya watoto likizo ya kiangazi inameza mshahara wote. Mlioko Marekani mnafanyaje?

mama_wawili

Habari za saa hizi wanajamvi. Naomba mawazo, hasa ya mlioko Marekani wenye watoto wa shule ya msingi.

Tuko Maryland. Nina wawili, wa kike miaka 9 na wa kiume miaka 6. Miaka yote iliyopita mdogo wangu alikuwa anaishi nasi, na shule zikifungwa yeye ndiye anabaki nao. Mwaka jana kaolewa, kahamia Texas. Kwa hiyo ndiyo kwanza nakutana na bei za hizi kambi za mchana, ambako watoto wanashinda wakati wa likizo na kurudi nyumbani jioni, na nimechoka kabla hata Februari haijaisha.

Niliyopata karibu na nyumbani ni dola 310 kwa wiki kwa mtoto mmoja. Nikasema haya, tutajibana. Kumbe hiyo ni saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri tu. Mimi niko mapokezi ya kliniki, naingia saa mbili natoka saa kumi na nusu. Kumleta mapema na kumchukua kwa kuchelewa ni dola 55 nyingine, kila mtoto, kila wiki. Jumla 730 kwa wiki, mara wiki 10 ni 7,300. Ninachobaki nacho mkononi kwa wiki baada ya makato hakifiki hiyo 730.

Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu. Yeye anasema niache kazi mpaka shule zifunguliwe. Lakini bima ya afya ya familia nzima iko kwenye kazi yangu. Tunafanyaje? Nawasilisha.

Kijogoo

Naweka kiti hapa. Mimi ninao watatu.

bintipwani

Pole dada. Hiyo ya 310 ni ya binafsi, sivyo? Angalia za idara ya bustani na michezo ya kaunti yako. Bei iko chini sana, ila zina mambo mawili: zinajaa siku ileile usajili unapofunguliwa, na nyingi zinamaliza mapema kuliko hata hiyo yako. Mimi nilikuwa macho saa kumi na mbili asubuhi na kompyuta mbili kama nanunua tiketi ya fainali.

La pili, nenda YMCA, lile shirika lenye vituo vya michezo na kambi za watoto, ukaulize punguzo kwa wenye kipato kidogo. Waulize wewe, usisubiri watangaze. Sisi tulijaza fomu, tukaambatisha hati za mshahara, wakatupunguzia karibu nusu. Nilisita miaka miwili kwa aibu, nikidhani msaada ni wa watu wasio na kazi. Boys & Girls Clubs, vilabu vya watoto, nako nasikia ada ni ndogo, ingawa sijawahi kupeleka wangu.

Kijogoo

Dada bei zote hizo za nini? Wa miaka 9 si anamwangalia mdogo wake? Sisi tulikua hivyohivyo, mama yuko shambani na mimi nimebeba mdogo mgongoni.

bintipwani

Kijogoo, hapo mwache. Maryland kuna sheria: mtoto chini ya miaka 8 haachwi nyumbani au ndani ya gari bila mtu wa kuaminika mwenye angalau miaka 13. Wa miaka 9 hahesabiki. Na kijijini ulikuwa na majirani ishirini wanaokuona. Hapa jirani akikuona, anapiga simu.

Kijogoo

Nimeelewa, nimerudi kwenye kiti changu.

mzee_wa_hesabu

Mama wawili, kabla hujapunguza matumizi, chukua kwanza pesa yako iliyoko kwenye kodi. Watu wengi wetu wanaiacha mezani.

Kambi ya mchana inatambuliwa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kama malezi ya mtoto, mradi mtoto hajafika miaka 13 na nyote wawili, wewe na mumeo, mnafanya kazi. Hata kambi ya mpira au ya kompyuta inakubalika. Ya kulala hukohuko haikubaliki, wala masomo ya ziada ya kiangazi.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni akaunti ya FSA ya malezi kupitia mwajiri: pesa inakatwa kwenye mshahara kabla ya kodi. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa dola 5,000 kwa familia, na kuanzia 2026 ni 7,500. Kwa kawaida unajiandikisha mwisho wa mwaka, lakini gharama za malezi zikibadilika katikati ya mwaka, waajiri wengi wanaruhusu marekebisho. Wewe umempoteza mlezi wa bure, kawaulize watu wa utumishi wiki hii. Weka tu kiasi utakachotumia kweli, maana kinachobaki unaweza kukipoteza.

Ya pili ni punguzo la kodi kwa fomu 2441. Hapo wanahesabu gharama hadi dola 3,000 kwa mtoto mmoja, au 6,000 kwa wawili na zaidi, kisha wanakupa asilimia fulani ya hizo kulingana na kipato. Linapunguza kodi unayodaiwa, halikupi pesa taslimu kama hudaiwi. Na dola ileile huwezi kuitumia kote kuwili.

Mwisho, chukua namba ya kodi ya kila unayemlipa. Kuna fomu W-10 ya kumwomba. Mlezi akikataa kutoa namba, jua bei yake ya chini ina sababu.

mama_wawili

Mzee asante sana, hiyo FSA sikuwahi hata kuisikia. Swali: mama yangu nikimleta kwa viza ya matembezi aje akae nao? Nikimlipa kidogo?

mzee_wa_hesabu

Kumlipa, hapana. Viza ya matembezi hairuhusu kazi.

nyumba_ya_kati

Nami nikuongezee kwenye la bibi. Sisi mama alikuja kutusalimia, hakuja kulea, akaugua wiki ya tatu. Hakuwa na bima. Usiku mmoja hospitali ulitugharimu zaidi ya kambi ya watoto wote kiangazi kizima. Akija, mkatie bima ya safari kwanza. Na mama zetu wamelea vya kutosha jamani, wawili wa umri huo siku nzima kwenye fleti, yeye hajui hata basi linapita wapi?

Sisi tulichofanya ni zamu. Familia tatu, wote tunajuana kutoka msikitini. Kila mzazi alichagua siku ambayo anaweza kuwa nyumbani, mimi Jumatatu, mwingine Jumatano, mwingine Ijumaa. Siku yako unapokea watoto wote saba. Hatulipani hata senti, tunalipana siku. Ukianza kupokea watoto wa wenzio kila siku kwa malipo, mambo ya leseni yanaanza.

Andikeni masharti mapema, msioneane haya. Mwaka wa kwanza mwenzetu mmoja alikuwa anachelewa saa nzima kila siku, na hakuna aliyemwambia mpaka tukagombana kwenye sherehe ya watu. Sasa tumeandika: saa ya kuchukua, nani ana mzio wa nini, kutazama simu na skrini ni muda gani, na mgonjwa anabaki kwao.

Siku ninayopokea nawapeleka maktaba asubuhi, kuna programu ya kusoma na haina ada. Mchana tunaenda shule iliyo karibu, serikali inatoa chakula cha bure cha kiangazi kwa yeyote wa miaka 18 kushuka chini. Kwenye vituo vya wazi hakuna anayekuuliza mshahara.

bintipwani

Saba! Mungu akupe nguvu.

mama_wawili

Nimerudi. Jana tulikaa mezani na mume wangu, simu tukazizima.

Utumishi wamekubali nijiunge FSA, wanataka barua ya kambi yenye tarehe. Kambi ya kaunti nimepata wiki 4 kwa wote wawili, wiki nyingine 2 tuko orodha ya kusubiri, namba 14. Fomu ya YMCA nimepeleka, majibu bado. Mume wangu atakaa nyumbani wiki 2 za Julai. Yeye aliziita za bure, nikamwambia lori likisimama hakuna malipo, hizo nazo tumezinunua. Tulipopiga hesabu zikawa wiki ghali kuliko zote, lakini watoto hawajamwona baba yao siku 14 mfululizo tangu tuhamie, kwa hiyo zimebaki.

Zinabaki wiki 4, pamoja na hizo 2 za kusubiri. Ile kambi ya 310 wanataka dola 100 ya kushika nafasi kwa kila wiki na hairudi, nimewaacha. Kuna mama mmoja wa darasani kwa binti yangu, Mhonduras, naye nimemkuta analia na hesabu hizihizi. Kesho anakuja na wanawe tuongee habari ya zamu. Kihispania changu ni cha kuombea maji tu.

nyumba_ya_kati

Binti yako atatafsiri. Anza na saa ya kuchukua.

Kijogoo

Mzee wa hesabu, hiyo W-10 naipakua wapi?

mzee_wa_hesabu

Tovuti ya IRS, haina malipo. Ukikutana na anayeiuza, mkimbie.